Kamera ya Kwanza: Anza na Sikio, Jicho Litafuata

Mara ya kwanza kurekodi mkutano Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, nilitumia kamera ya kuazima, yenye lenzi ndefu iliyonifanya nijione mtu wa televisheni. Wazee walikuwa chini ya ewoi, ule mgunga wetu unaotandaza kivuli kama mwavuli, nami nikasimama hatua kumi nyuma ili nisiwasumbue. Jioni vijana wakanizunguka kutazama. Picha ilikuwa safi ajabu: makunyanzi ya mzee yanahesabika, unyoya wa mbuni kwenye kofia yake unatikisika. Kisha bibi mmoja aliyekaa nyuma akainama, akaweka kiganja sikioni, akauliza, "Sasa huyo Apa," yaani mzee, "anasema nini?" Hakuna aliyemjibu. Upepo ulikuwa umeyala maneno yote. Kesho yake nilimwendea mzee nikamwomba arudie. Akanitazama, akasema, "Kijana wangu, nilishasema jana," akaendelea kuchonga fimbo yake.

Makala haya ni ya yeyote aliye Kaaleng, Lokitaung, Lodwar au Kakuma, mwenye pesa kidogo, anayetaka kununua kamera yake ya kwanza ya kupiga video. Labda unataka kurekodi harusi, ile akuuta yenyewe yenye mahari na nyimbo. Labda ni kwaya ya kanisa, mahafali, mkutano wa kamati ya maji, ngoma za tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar, au hadithi ya Nayeche aliyefuata nyayo za fahali kutoka Karamoja, kabla wanaoijua vizuri hawajatuacha. Ushauri wangu wote umesimama juu ya swali la bibi yule. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini asiposikia huinuka akaenda zake. Basi pesa zako zigawanywe kwa kufuata hilo.

Jiulize kwanza nani atatazama

Watu wengi watakaoiona kazi yako wataitazama kwenye simu, mara nyingi simu moja imezungukwa na vichwa sita. Itawafikia kwa WhatsApp, ambayo huibana video kabla ya kuituma, au kwa Facebook na YouTube kwa bando dogo la siku. Kwa mtazamaji huyo, video ya kiwango cha 1080 inatosha kabisa. Ile 4K inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni nzuri, ila ina gharama isiyoandikwa hapo.

Tufanye hesabu. Simu nyingi zikirekodi 1080 hutumia takriban megabaiti 130 kwa dakika. Zikirekodi 4K hufika takriban 350. Mahojiano ya dakika 20 kwa 1080 ni kama gigabaiti 2.6, kwa 4K ni 7. Kadi ya gigabaiti 64 kwenye simu itabeba kama saa nane za 1080, au saa tatu za 4K. Ongeza kompyuta ya kuhariri itakayokwama kila ukibonyeza, na bando la kupakia mtandaoni. Anayepiga harusi ya siku nzima mahali ambapo duka la kadi liko Lodwar atajua hesabu hii ina maana gani kabla jua halijatua.

Kwa hiyo usilipie 4K. Ikija yenyewe ndani ya kamera, sawa, iache ikae.

Huenda kamera unayo mfukoni

Kabla ya kutoa shilingi, jaribu simu yako kwa majuma mawili. Filamu ya Marekani *Tangerine* ya mwaka 2015 ilipigwa kwa simu za iPhone 5s ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Ila sauti yake haikutegemea simu. Ilirekodiwa kwa vifaa vyake vya pekee. Karibu na kwetu, Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, alitoa *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200, akihariri kwenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Filamu hiyo imetazamwa duniani kote.

Simu za Android zina programu ya bure iitwayo Open Camera, inayokupa mamlaka ambayo kamera ya kawaida ya simu hukunyima. Fanya haya manne:

1. Weka 1080, na fremu 25 kwa sekunde kama simu inakubali. Umeme wa Kenya hutembea kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na fremu 25 huendana nao. Ukipiga kwa fremu 30 ukumbini chini ya taa, unaweza kuona mistari ikipanda na kushuka kwenye picha. Kama simu yako haina 25, tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuchagua hertzi 50.

2. Pima mwanga kwa kugusa uso wa mtu kwenye skrini, kisha uufunge. Hili ni muhimu sana kwetu. Ngozi nyeusi mbele ya anga jeupe la Turkana huifanya simu ipime anga na kumwacha mtu kama kivuli. Pima uso, anga liungue likitaka. Bora zaidi, mwingize mtu kivulini na umgeuze atazame upande wa wazi. Nyuma yake kuwe na ukuta, manyatta au kichaka, si anga.

3. Usivute picha kwa vidole. Ukuzaji huo hukata picha na kuiharibu. Tembea, sogea karibu.

4. Tuliza simu. Stendi ya miguu mitatu ya bei ndogo inafaa. Ukiikosa, jaza mchanga kwenye mfuko mtupu wa unga wa kilo mbili, ufunge, uketishe simu juu yake kama mtoto mgongoni. Niliwahi kuuweka mfuko huo juu ya ekicholong ya mzee, kwa ruhusa yake, maana kile ndicho kiti chake na ndicho mto wake. Kimo chake kilikuwa sawasawa na macho ya watu walioketi chini.

Kama baada ya majuma mawili unachokosa ni sauti, mwanga na utulivu, kamera mpya haitakuponya. Kama unachokosa ni kufikia mtu aliye mbali, kurekodi kwa saa nyingi bila simu kupata moto, au kazi ya usiku, sasa una sababu ya kununua.

Sauti: hapa ndipo pa kuanzia kulipa

Nunua maiki kabla ya kamera. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ya waya, ndiyo yenye faida kubwa kwa pesa ndogo. Mojawapo inayopatikana sana Kenya ni Boya BY-M1. Waya wake una urefu wa mita 6, hivyo mzungumzaji aweza kukaa kivulini nawe ukasimama mbali. Inafanya kazi kwenye simu na kwenye kamera, ila ina swichi: upande mmoja ni wa simu, wa pili ni wa kamera, na upande wa kamera hutumia betri ndogo aina ya LR44. Ukisahau kuiwasha utarudi nyumbani na picha bubu. Ukisahau kuizima, betri itakufa ndani ya begi. Beba betri ya pili. Ni ndogo kama kifungo cha shati.

Angalia pini ya maiki. Yenye pete mbili nyeusi ni ya kamera. Yenye pete tatu ni ya simu. Zisipolingana na kifaa chako utahitaji waya wa kugeuza. Simu nyingi mpya hazina tundu la pini kabisa. Hizo hutaka kigeuzi cha kuchomeka pale pa kuchajia. Mpe muuzaji simu yako, rekodi hapohapo dukani, sikiliza. Kwaruza maiki kwa ukucha: kama mkwaruzo hausikiki kwa nguvu kwenye rekodi, simu bado inatumia maiki yake yenyewe na haijaitambua ile uliyochomeka.

Kisha upepo. Kaskazini mwa Turkana hauna likizo. Kile kisifongo cheusi kinachokuja na maiki huzuia pumzi ya mzungumzaji tu. Tafuta kwenye mitumba koti lenye manyoya ya bandia kwenye kofia, kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kishone kama soksi, ukivishe juu ya sifongo. Mpange mzungumzaji aupe upepo mgongo. Land Cruiser iliyoegeshwa vizuri, injini ikiwa imezimwa, ni ukuta mzuri kuliko kifaa chochote.

Na shanga. Mama wa Kiturkana aliyevaa shanga zake kamili, kuanzia mabegani hadi kidevuni, hana mahali pa kubana maiki. Ukiibana katikati ya shanga utarekodi mvua ya mawe kila akigeuza shingo. Mwombe aibane mwenyewe, au msichana wake ambanie, kwenye fundo la shuka begani. Ikishindikana, funga maiki kwenye ncha ya fimbo nyembamba, mwenzako aishike juu ya kichwa chake, nje ya picha.

Kama pesa ya maiki bado haijapatikana, azima simu ya pili. Iweke kwenye mfuko wa shati la mzungumzaji ikirekodi sauti peke yake. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza. Wakati wa kuhariri utaoanisha kofi la picha na kofi la sauti, na kazi itakaa sawa.

Kamera iliyotumika: zipi, na kwa nini

Hadi mwaka 2008 kamera za picha zenye lenzi za kubadilisha hazikurekodi video. Mwaka huo Nikon ikatoa D90 na Canon ikatoa 5D Mark II, mlango ukafunguka. Ndiyo maana leo kamera za mtumba, zile wauzaji wanaziita "ex-UK", zimejaa kwenye maduka ya Nairobi: zilizotoka miaka kumi na zaidi iliyopita bado zinapiga 1080 nzuri.

Tundu la maiki ndilo la kuangalia kwanza, na hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu namba kubwa au mwaka mpya havikuhakikishii chochote. Canon 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D hazina tundu la maiki. Nikon D3200 na D3300 zinalo, lakini D3400 na D3500, zilizotoka baadaye, hazina. Sony a6000 ni kamera nzuri ya picha, ila nayo haina. Muuzaji atakuambia "hii ni mpya zaidi, chukua hii." Fungua kile kifuniko cha mpira ubavuni, utafute tundu lenye alama ya maiki. Usipoliona, mrudishie.

Zenye kufaa kwa anayeanza ni hizi:

*Canon 550D (2010).* Mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kati ya zenye tundu la maiki. Skrini yake haigeuki.

*Canon 600D (2011).* Hii ningeipendekeza kwa wengi. Skrini hufunguka na kugeuka, jambo linalokusaidia jua likiwa utosini, na unaweza kupanga kiwango cha sauti kwa mkono ili kamera isipandishe mngurumo kila mzungumzaji akinyamaza. Kasoro yake ni kwamba hukata kurekodi faili ikifika gigabaiti 4, yaani kama dakika 12. Itabidi ubonyeze tena.

*Canon 700D (2013).* Ina skrini ya kugusa, na hurekodi hadi karibu dakika 30 bila kukata.

*Canon 200D (2017).* Ghali zaidi, lakini fokasi yake humfuata mtu anayetembea bila kusitasita. Kama unapiga video peke yako, au unajipiga mwenyewe, tofauti hii utaiona.

*Panasonic G7 (2015).* Nyepesi, ina 4K na tundu la maiki. Ni nzuri ukiipata, ila lenzi zake si rahisi kuzikuta kwa jirani kama za Canon.

Hoja hiyo ya jirani ina uzito. Betri moja, LP-E8, hutumika kwenye 550D, 600D na 700D. Mpiga picha wa Lodwar au wa Kakuma mwenye Canon anaweza kukuazima betri, chaja au lenzi siku ya harusi. Kabla hujanunua, uliza wapiga picha wa eneo lako wanatumia nini, kisha ununue wanachotumia.

Usizikasirikie dakika 12 za 600D. David na Judith MacDougall, waliopiga filamu zao za Turkana miaka ya 1970, zikiwemo *Lorang's Way* na *The Wedding Camels*, walitumia filamu ya milimita 16. Rola ya kawaida ya futi 400 ya filamu hiyo huisha kwa kama dakika 11. Kwa zana za namna hiyo waliwarekodi watu wakibishana kwa urefu kuhusu mahari ya ngamia, kwa sauti zao wenyewe na kwa lugha yao, na maneno yakatafsiriwa chini ya picha. Wanafunzi wa vyuo bado wanazitazama kwa sababu mazungumzo yanasikika.

Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera za Canon inatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukipata pesa baadaye, ongeza 50mm f/1.8, inayoona vizuri kwenye mwanga hafifu wa jioni. Lakini itakulazimisha kurudi nyuma, kwa sababu kwenye kamera hizi za Canon hukata picha kama lenzi ya 80mm. Ndani ya nyumba ndogo utagonga ukuta.

Ukaguzi wa dakika ishirini kabla ya kulipa

Usitume pesa kwa M-Pesa kwa kamera ambayo wewe au mtu wako hajaishika. Kama muuzaji yuko Nairobi, Eldoret au Kitale nawe uko Kaaleng, mtume ndugu anayeweza kufuata orodha hii akiwa kwenye simu na wewe.

Ivalishe lenzi kifuniko chake, rekodi giza kwa nusu dakika, kisha kuza kwenye skrini: nukta nyeupe au nyekundu zisizosogea ni kihisi kilichochoka. Vua kifuniko, piga ukuta mweupe lenzi ikiwa imefungwa hadi f/16: madoa ni vumbi, husafishika, ila yawe sababu ya kupunguza bei. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi na uchungulie: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, hasa kwa lenzi iliyoishi kwenye unyevu wa pwani. Iache.

Chomeka maiki, ongea, chomoa, chomeka tena huku ukitikisa pini. Sauti ikikatikakatika, tundu limelegea. Rekodi dakika kumi mfululizo. Fungua na kufunga skrini inayogeuka mara kadhaa ukitazama kama picha inapotea kwa pembe fulani; waya wa bawaba huchoka. Toa betri uiweke mezani: iliyovimba itayumba kama jiwe la mviringo. Omba risiti, na uandike namba ya usajili wa kamera juu yake. Muuzaji akikataa kuiandika, kuna sababu, nawe huihitaji sababu hiyo maishani mwako.

Kadi ya memori ijaribiwe peke yake. Zipo zilizoandikwa 64 ambazo ndani ni 8. Huonekana nzima hadi zijae, kisha video za mwanzo hupotea. Rekodi ukuta hadi kadi ijae kabisa, halafu fungua faili ya kwanza na ya mwisho. Fanya hivyo nyumbani siku ya kwanza, usingoje siku ya bi harusi.

Kamera ikisafiri kwa basi kuja Lodwar, itolewe betri, izungushiwe nguo au blanketi, ikae ndani na mtu. Buti ya basi ina joto, vumbi na magunia ya watu.

Jua, vumbi na umeme

Kamera hufa polepole kwa vumbi. Usibadilishe lenzi upepo ukivuma. Ukilazimika, ingia ndani ya gari au nyumba, elekeza mdomo wa kamera chini. Usipulize ndani kwa kinywa, maana mate hukauka kwenye kihisi. Tumia pampu ndogo ya mpira. Ihifadhi kamera kwenye mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, ndani ya begi, na uvalishe lenzi kioo cha kinga: kioo kikikwaruzika utanunua kingine, lenzi haihusiki.

Joto huzima simu kuliko linavyozima kamera. Vua kava la simu, ifunike kwa kitambaa cheupe kati ya shoti na shoti, usiiache kamwe kwenye dashibodi. Mwanga mzuri ni wa kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri, na kwa bahati saa hizo ndizo watu wenyewe wako tayari kuzungumza. Mchana kamili, ukiweka shata 1/50 na ISO 100, hata lenzi ikifungwa hadi f/16 picha bado itakuwa nyeupe kupita kiasi. Wapiga video huivalisha lenzi miwani ya jua, yaani kichujio cha ND. Kama huna, rudi kivulini.

Kuhusu umeme, fikiri kama mtu anayepakia maji safarini. Betri ya LP-E8 hurekodi kama saa moja na nusu, nayo hubeba takriban wati-saa 8. Pawabenki halisi ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74, na ukitoa zinazopotea njiani bado utachaji betri hizo mara sita au zaidi. Nunua chaja ya LP-E8 inayochomekwa kwa USB, ndipo utaweza kuchajia kutoka pawabenki, kwenye gari au kwenye sola ya dukani bila kungoja jenereta. Kuwa na betri tatu: moja ndani ya kamera, moja mfukoni, moja ikichaji.

Kugawa elfu thelathini

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo shika mgawo kuliko namba. Tuseme una shilingi 30,000. Kamera pamoja na lenzi visizidi 18,000. Tenga 4,000 za sauti, 3,500 za betri na chaja ya USB, 2,500 za kadi mbili, na 2,000 za stendi. Ukipata kamera nzuri ya 24,000, shida si kamera. Shida ni kwamba utaenda nayo kwenye harusi bila maiki wala betri ya pili. Ngoja, au shuka daraja moja.

Ukiwa na 10,000 tu, usinunue kamera kabisa. Nunua maiki, stendi, pawabenki na kadi, utumie simu. Vitu hivyo vitatu vya kwanza utaendelea kuvitumia hata siku utakapopata kamera. Kwa walio Kakuma, shirika la FilmAid limewafundisha vijana wa kambini kutengeneza filamu kwa miaka mingi. Uliza kuhusu mafunzo kama hayo kabla ya kununua. Kushika kamera ya darasani kwa wiki moja kutakufunza kuliko kutazama matangazo mwaka mzima.

Ruhusa kabla ya kubonyeza

Nyumbani kwa mtu, anza na mwenye boma. Eleza unarekodi nini, kitaonyeshwa wapi, na kama kuna pesa ndani yake. Usimpige mtoto picha bila mzazi kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu sura ya mtu kuwa taarifa yake, na kazi inayokusudiwa kuuzwa au kuonyeshwa hadharani huhitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Ndani ya kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei, tafuta idhini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kabla ya kutoa kamera kwenye begi. Aliyekimbia watu fulani hataki watu hao wamwone kwenye simu akiwa amesimama mbele ya namba ya nyumba yake.

Na baada ya kupiga, rudisha kazi. Waonyeshe waliorekodiwa, wacheke, wakusahihishe.

Mimi nilirudi kwa mzee yule msimu uliofuata, nikiwa na simu, mfuko wa mchanga na maiki ya waya iliyovishwa kipande cha koti la mtumba. Aliibana mwenyewe kwenye fundo la shuka, akaupa upepo mgongo, akasimulia habari za Nayeche na fahali wake kwa dakika arobaini. Jioni tukakaa kutazama. Picha haikuwa na chochote cha kujivunia: mzee, mti, mbuzi wawili wakipita. Bibi alisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa mapajani. Kisha akasema kwamba mzee amekosea rangi ya fahali, na ubishi ukaendelea hadi usiku.